"Imekataa" si swali: Jinsi ya kutafuta kosa katika programu ya kompyuta na kuomba msaada

Vijana wengi siku hizi wanajifunza kuandika programu za kompyuta. Wengine wanajifunza shuleni, wengine katika vyuo vya ufundi, na wengine wako nyumbani tu na simu mkononi. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini sisi tunaokaa na vijana tunaona jambo lingine pia. Kijana anaanza kwa shangwe, wiki ya pili anakwama, wiki ya tatu ameacha. Ukimuuliza kulikoni, anajibu, "Imekataa." Imekataa vipi? "Imekataa tu."

Makala haya ni ya kijana huyo. Ni ya mzazi, mwalimu na kiongozi wa kikundi pia. Si lazima mtu awe mtaalamu wa kompyuta ndipo amsaidie aliyekwama. Mara nyingi msaada wa kwanza ni kumfanya aeleze shida yake vizuri, na hilo hata nyanya yake anaweza kulifanya.

PROGRAMU NI NINI?

Programu ni orodha ya maagizo. Kompyuta inasoma agizo la kwanza, inalifanya, inakwenda la pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Ukimtuma mtoto dukani na kumwandikia "chumvu", atajua unataka chumvi. Kompyuta haina akili hiyo. Inafanya kile kilichoandikwa, hata kama si kile ulichotaka.

Lugha ambayo wanaoanza hufundishwa sana ni Python. Ilitolewa kwa watu mwaka wa 1991 na Guido van Rossum, mtaalamu kutoka Uholanzi. Haina gharama, na inaweza kutumika kwenye kompyuta ndogo au hata kwenye simu. Mifano yetu yote hapa ni ya Python, lakini njia tutakayoeleza inafaa kwa lugha yoyote.

Wataalamu wanaliita kosa la programu "mdudu". Neno hilo lilitumiwa na mafundi wa mitambo tangu karne ya 19. Tarehe 9 Septemba 1947, huko Marekani, waliokuwa wakiendesha kompyuta kubwa iliyoitwa Harvard Mark II walikuta nondo, mdudu wa kweli, amekwama ndani ya mtambo. Wakambandika katika daftari la kazi. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, alipenda sana kusimulia kisa hicho. Tunajifunza jambo moja: hata wale mabingwa wa kwanza walikuwa na makosa, nao waliyaandika kwenye daftari. Kukwama si dalili ya ujinga. Ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile fundi cherehani anavyofumua mshono.

AINA TATU ZA MAKOSA

Kabla ya kumwita mtu, jua kwanza kosa lako ni la aina gani.

1. Kosa la uandishi. Programu haianzi kabisa. Umesahau mabano, alama za kunukuu au nukta pacha (:), au nafasi mwanzoni mwa mstari haziko sawa. Kompyuta itaandika SyntaxError au IndentationError. Kuna sababu moja inayowasumbua sana vijana wanaotumia vitabu vya zamani. Zamani katika Python mtu aliandika:

print "Karibu"

Tangu Python 3 ilipotolewa mwaka wa 2008, ni lazima kuweka mabano:

print("Karibu")

Python 2 iliachwa kabisa tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vyake bado viko katika maktaba zetu, maana vingi tulipewa kama msaada. Kijana ananakili neno kwa neno na bado inakataa. Si yeye aliyekosa. Ni kitabu kilichopitwa na wakati.

2. Kosa la njiani. Programu inaanza vizuri, halafu inasimama katikati. Kwa mfano, ukiandika jina "Mchango" kwa herufi kubwa mahali pamoja na "mchango" kwa herufi ndogo mahali pengine, Python inayaona kuwa majina mawili, na itasema NameError. Au programu inangoja namba, na mtu anaandika kama tulivyozoea kwenye risiti: 500/= au 1,000. Python haielewi hizo alama. Itasimama na kusema ValueError. Andika 500 au 1000 bila mapambo.

3. Kosa la kimya. Hili ndilo baya zaidi. Programu inakwenda mpaka mwisho, hailalamiki hata kidogo, lakini jibu si la kweli.

Hebu tuangalie mfano. Kijana ameombwa na chama cha akina mama kuandika programu ya kuhesabu michango. Kila mwanachama anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Mwaka mzima ni shilingi 2,400. Kijana anaandika:

jumla = 0
for mwezi in range(1, 12):
    jumla = jumla + 200
print(jumla)

Jibu linatoka: 2200. Hakuna onyo lolote. Sababu ni kwamba katika Python, range(1, 12) inaanza na 1 na kuishia 11. Ile namba ya mwisho haihesabiwi. Mwezi wa Desemba umepotea. Ilitakiwa kuandika range(1, 13).

Ukiwa na wanachama 30, kila mmoja amepunguziwa shilingi 200, basi shilingi 6,000 hazionekani katika hesabu. Siku ya kugawana pesa, nani atalaumiwa? Mweka hazina. Watu watasema amekula. Mama aliyetunza pesa za wenzake kwa uaminifu anaweza kuharibiwa jina kwa sababu ya namba moja tu iliyoandikwa vibaya. Ndiyo maana kutafuta kosa si mchezo wa vijana peke yao.

Kosa lingine la kimya ni hili. Programu inamwuliza mtu michango miwili, anaandika 500 na 300, na programu inajibu 500300. Kumbe chochote kinachoandikwa na mtu kwenye kibodi, Python inakipokea kama maandishi, si kama namba. Imeyabandika maandishi mawili pamoja. Dawa yake ni kuigeuza iwe namba kwa neno int, hivi: int(input("Mchango: ")).

MAMBO SITA YA KUFANYA KABLA YA KUULIZA

Kwanza, soma ujumbe wa kosa. Wengi wakiona maandishi mekundu ya Kiingereza wanaogopa na kufunga. Usifunge. Anza kusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho ndio unaosema kosa ni la aina gani. Juu yake utaona neno "line" na namba. Hiyo ni namba ya mstari wenye shida.

Pili, angalia mstari huo, halafu angalia ule ulio juu yake. Ukisahau kufunga mabano katika mstari wa nne, Python za zamani kidogo zitalaumu mstari wa tano. Kuanzia toleo la 3.10 la mwaka wa 2021 imerekebishwa, nayo hukuambia mabano yapi hayakufungwa. Lakini zoea kuangalia juu.

Tatu, jaribu kwa hesabu ndogo ambayo jibu lake unalijua kichwani. Usianze na wanachama 30. Anza na mwanachama mmoja na miezi miwili. Kama jibu si 400, umeshajua pa kutafuta.

Nne, punguza programu. Toa mistari isiyohusika moja moja huku ukiangalia kama kosa bado lipo. Weka nakala ya programu nzima kando kwanza, usije ukaipoteza. Programu ya mistari 100 ikibaki mistari 5 na kosa bado lipo, mdudu hana pa kujificha.

Tano, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitano halafu ikubali, hutajua ni kipi kilichoponya. Ni kama kunywa dawa tano kwa siku moja.

Sita, eleza kwa sauti. Katika kitabu cha mwaka wa 1999 kinachoitwa The Pragmatic Programmer, Andrew Hunt na David Thomas wanasimulia habari za mtaalamu aliyemweka bata wa mpira mezani na kumweleza programu yake mstari kwa mstari. Njia hiyo inafanya kazi na imeenea duniani kote. Unapoeleza, unalazimika kusema kila agizo linafanya nini hasa, na mara nyingi unajisikia ukisema jambo lisilo kweli. Kama huna bata wa mpira, kaa na ndugu yako jikoni umweleze yeye.

NAMNA YA KUULIZA

Umefanya hayo yote na bado umekwama? Sasa uliza. Kuuliza si aibu, na wahenga walishasema, kuuliza si ujinga. Watu wa kusaidia wapo wengi, wa karibu na wa mbali. Mtandaoni kuna wataalamu na wanafunzi wanaojibu maswali ya watu wasiowajua, bila malipo. Mahali panapojulikana sana ni Stack Overflow, palipoanzishwa mwaka wa 2008. Kuna pia vikundi vya WhatsApp na Telegram vya vijana wa huku kwetu.

Lakini kumbuka kwamba huyo unayemwuliza hakuoni, wala haoni simu yako. Anajua kile tu ulichomwandikia. Tazama swali hili:

"Hamjambo wakubwa. Programu yangu imekataa. Nisaidieni haraka."

Nani ataweza kulijibu? Hata mganga wa hospitali hawezi kumtibu mtu anayesema "naumwa" na kunyamaza. Sasa tazama hili:

"Hamjambo. Ninajifunza Python 3 kwa simu. Nataka programu ijumlishe mchango wa shilingi 200 kwa miezi 12. Nilitarajia 2400, lakini napata 2200. Hakuna ujumbe wa kosa. Nilijaribu kuweka 300 badala ya 200, nikapata 3300 badala ya 3600. Maagizo yote ni mistari minne, nimeiweka hapa chini. Naona kama mwezi mmoja unapotea. Unapotelea wapi?"

Swali hili litajibiwa kwa dakika chache. Huenda hata mwulizaji akapata jibu kabla ya kumaliza kuandika, kwa sababu ameshaona kwamba mwezi mmoja unapotea. Swali zuri lina mambo matano:

– Unataka programu ifanye nini.
– Umeandika maagizo gani, yawe machache iwezekanavyo lakini yaweze kuendeshwa.
– Umepata nini. Kama kuna ujumbe wa kosa, unakili wote, usiutafsiri wala kuufupisha.
– Umeshajaribu nini, na ikawaje.
– Unatumia lugha gani, toleo gani, na chombo gani.

Tuma maagizo yako kama maandishi, si kama picha. Picha inakula data, na anayekusaidia hawezi kuyanakili ayajaribu. Lakini ukituma kwa WhatsApp, jihadhari. WhatsApp hutumia kinyota (*) kukoleza maandishi na mstari wa chini (_) kuyalaza, kwa hiyo alama hizo katika programu yako zinaweza kupotea. Weka alama hii ` mara tatu mwanzoni, na mara tatu tena mwishoni mwa maagizo. Hapo yatabaki yalivyo. Pia simu nyingine hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa jicho letu ni zilezile, lakini Python haizitambui. Ukiona "invalid character", angalia alama za kunukuu kwanza.

HESHIMA KWA ANAYESAIDIA

Mtu anayekujibu ameacha kazi yake. Usimsukume kwa kusema "haraka" au "ni ya kesho". Usitume swali lilelile katika vikundi vitano kwa mara moja, maana watano watahangaika na jambo ambalo mmoja ameshalimaliza. Akikuuliza swali, mjibu alichouliza. Wengine wanajibu kwa maneno mafupi makavu, hasa wageni. Usikasirike. Mara nyingi si dharau, ni mazoea yao ya kuandika.

Na ukishapata dawa, rudi useme. Usiandike tu "asanteni, imekubali" na kutoweka. Andika kosa lilikuwa nini na ulilirekebisha vipi. Kesho kutwa kuna kijana mwingine Kitui au Lodwar atakayekwama palepale, naye atasoma jibu hilo. Ukishateka maji kisimani, unakiacha kisima kikiwa safi kwa ajili ya anayekuja nyuma yako. Na ukishajua kidogo, uanze kujibu wengine. Aliyekwama mwezi uliopita anamweleza anayeanza leo vizuri kuliko bingwa, kwa sababu bado anakumbuka palipomwumiza.

MAONYO MATATU

La kwanza ni kuhusu siri za watu. Kama programu yako ina majina ya wanachama, namba zao za simu, za vitambulisho au madeni yao, usiweke hayo mtandaoni hata mara moja. Badilisha: Mama A, Mama B, simu 0700000000. Kosa litabaki lilelile na siri itakuwa salama. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na habari za wanachama si mali ya kijana anayeandika programu. Na mtu yeyote anayejifanya anakusaidia halafu anaomba namba ya siri ya M-Pesa, au anataka uingize katika simu yako programu ya kumwezesha kuiendesha akiwa mbali, huyo ni mwizi. Mkatae.

La pili ni kuhusu majibu ya mashine. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, vijana wengi wanaiuliza hiyo na nyingine za namna hiyo. Zinasaidia, hasa kueleza ujumbe wa kosa kwa Kiswahili. Lakini Desemba 2022 Stack Overflow ilikataza majibu yaliyoandikwa na ChatGPT, kwa sababu mengi yalionekana mazuri kumbe si sahihi. Kwa hiyo, jibu liwe la mtu au la mashine, lijaribu kwanza kwa hesabu ndogo unayoijua.

La tatu, usinakili jibu usilolielewa. Programu itakubali leo. Kesho ikikataa tena utakuwa palepale ulipokuwa. Baada ya kupata jibu, lifute, ujaribu kuliandika mwenyewe.

TUNAWEZA KUFANYA NINI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI?

Mzazi, mtoto wako akikwama, usimwambie "achana na hayo mambo". Keti naye umwulize maswali matatu: Ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Ulibadilisha nini mara ya mwisho ilipokuwa ikifanya kazi? Huhitaji kuyaelewa majibu yote. Yeye mwenyewe akijibu, macho yanafunguka.

Vijana, kutaneni mara moja kwa wiki, hata watatu mkiwa na simu moja. Muwe na daftari la makosa. Andikeni tarehe, ujumbe wa kosa, sababu na dawa. Baada ya miezi michache mtaona kwamba makosa mengi ni yaleyale yanayorudi, na majibu mnayo tayari bila kutumia data.

Viongozi wa vyama, msitupe daftari la mkono kwa sababu kijana amewaletea programu. Tumieni vyote viwili kwa miezi kadhaa. Kila mwisho wa mwezi linganisheni. Vikitofautiana hata kwa shilingi moja, msimtuhumu mweka hazina, wala msimkemee kijana. Tafuteni kosa pamoja kwa njia hii tuliyoieleza, mstari kwa mstari. Kijana aketi, mweka hazina aketi, daftari liwe katikati.

Kijana anayejua kusema "nilitaka hiki, nikapata hiki, nimejaribu hiki" amejifunza kitu kitakachomfaa hata mbali na kompyuta: kwa fundi, kwa daktari, katika ofisi ya serikali, na kwa mwajiri. Basi akikujia leo na kusema imekataa, usimfukuze. Mwulize: imekataa vipi?